Aliyetajwa Mezani

Papa Anastase alishuka garini kama mtu anayepelekwa kuiba. Akaangalia mwanzo wa barabara, akaangalia mwisho wake, kisha akainama kupangusa viatu kwa leso, ingawa vumbi jeusi la mtaa wa Majengo halijawahi kuogopa leso ya mtu.

"Mama Aurélie," alisema, "kwetu hata mukwe hafiki kwa watu bila kutuma neno."

"Mukwe anakuja kula, Papa Shefu. Sisi tunakuja kuona."

"Kwani kupiga simu kunapofusha macho?"

"Kunapofusha. Kabisa."

Mzee akaguna. Miaka yote ofisi yao ilikagua nyumba za kulea watoto kwa njia moja: unapiga simu Jumatatu, unafika Alhamisi. Alhamisi hiyo unawakuta watoto wamepangwa kwa urefu, nguo zimepigwa pasi, wimbo wa kupokea wageni unapaa hadi nyumba ya tatu. Msichana mmoja anakupa ua la karatasi, mvulana mmoja anakariri shairi, halafu unaitwa mezani. Ukirudi ofisini na mafuta ya kuku bado yako vidoleni, unaandika kwamba yote ni sawa. Aurélie Bashige, mfanyakazi wa ustawi wa watoto, alikuwa amekula kuku hao wa ukaguzi hadi wakamtoka puani. Mwaka huu aliomba apewe nyumba moja tu aikague anavyojua yeye. Papa Anastase, mkuu wake, alikubali kwa sharti moja, kwamba na yeye aende, ili kuwe na mtu wa kuomba msamaha.

Aurélie akagonga lango.

Aliyefungua ni Mama Apolline mwenyewe, mwanamke mpana wa kutoka Butembo, rozari shingoni, mikono imelowa maji ya vyombo. Majengo nzima ilimjua. Makambi ya wakimbizi wa vita yalipovunjwa na watu kuambiwa warudi vijijini kwao, kulikobaki majivu tu, yeye alipita kando ya njia akiokota watoto waliosahauliwa kama mtu anavyookota kuni. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa. Wafadhili waliokuwa wakimletea unga walifunga malango yao kule mtaa wa Himbi na kuondoka, benki nazo zikafuata. Aurélie aliyajua hayo yote, na mkono uliogonga lango ulikuwa mzito.

"Karibu, karibu wageni! Lakini mungesema! Mutatukuta hivi uchi?"

"Tusamehe, Mama," Papa Anastase akawahi. "Ni njia mupya ya kazi. Batoto ya leo njo banatupeleka."

Uani kulikuwa kumefagiliwa vizuri. Walikuwapo wadogo tu, wale ambao bado wanaanguka wakikimbia.

"Wakubwa wako wapi, Mama?" Aurélie aliuliza.

"Katekisimu. Ni mwezi wa komunyo ya kwanza."

"Asubuhi hii, siku ya kazi?"

"Padri njo anapanga saa, siye mimi."

Haikuchukua muda wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma, wawili wawili, nyuso zimelowa, miguu inang'aa mafuta. Kuna mtu alikuwa amekimbia kuwaita. Lakini ni nani anayepaka mafuta ndani ya masikio? Huko, na chini ya kucha, Aurélie aliona unga wa kijivu. Haukuwa vumbi la njiani. Ni ule unga unaotoka jiwe la volkeno linapopasuliwa kwa nyundo ili liwe kokoto.

Hakuuliza kitu. Mtoto ukimuuliza amesimama uani mbele ya mlezi wake, mwenye kujibu ni mlezi, hata kama kinywa kinachofunguka ni cha mtoto. Aliomba chumba, akapewa kile cha kushonea, akafunga mlango, akaanza kuwaita mmoja mmoja.

Kazi hii ilikuwa na kanuni moja ambayo Aurélie aliilinda kuliko sahihi yake. Ukiongea na mtoto mmoja peke yake, ongea na wote peke yao, na kila mmoja kwa muda ule ule. Asiye na neno, cheza naye kamba ya vidoleni hadi muda wake utimie. Anayelia, mwache alie, umfute uso, umtoe akiwa kama alivyoingia. Kwa maana mtoto anayekaa ndani kuliko wenzake, au anayeitwa halafu wengine wasiitwe, amekwisha kutajwa, hata kama alinyamaza kama kaburi.

Wa kwanza akasema, "Tunakula muzuri, tunalala muzuri, Mama anatupenda." Wa pili akasema maneno hayo hayo. Wa tatu, kitoto kisicho na meno ya mbele, kilisahau katikati, kikarudi mwanzo kama anayesali salamu Maria, kikamaliza kwa kupumua kwa nguvu. Aurélie alicheka naye. Wakacheza kamba.

Kisha akaingia msichana wa miaka kumi hivi, mwembamba, nywele zimenyolewa. Alisema anaitwa Mwavita. Hakukaa.

"Wewe njo utaandika?"

"Siandiki. Tazama mikono yangu."

Akaitazama. Akatazama dirisha. Akasogea hadi Aurélie akasikia joto la pumzi yake.

"Mutu anaweza kuoza akiwa muzima?"

"Mutu gani?"

"Élodie."

Likatoka lote kwa mkupuo, kwa sauti ya chini isiyo na kilio. Wanapasua mawe kule nyuma ya uwanja, kila siku. Kipande cha jiwe kilimrukia Élodie jichoni. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi, akamwombea, jicho likavimba, likaanza kutoa maji ya kijani. Wenzake wakashindwa kulala kwa harufu. Akahamishiwa kwa jirani, Mama Nyirarukundo, nyuma ya ua. Wageni wakija anafungiwa ndani na kuambiwa asilie.

"Leo asubuhi nilimupelekea uji," Mwavita alisema. "Hakujua jina langu."

Akatazama tena dirisha.

"Usiseme ni mimi."

"Sitasema. Nitaongea na wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hakuna atakayejua ni nani."

Mtoto akamkazia macho kama anayepima kamba kabla ya kuteremka nayo kisimani. Muda wake ukatimia. Akatoka.

Na hapo ndipo Aurélie alipobanwa. Akisimama sasa na kukimbia kwa jirani, kila jicho pale uani litamtafuta aliyetoka mwisho katika chumba kile. Akibaki, msichana anazidi kuoza hatua chache nyuma ya ukuta. Alichungulia mlangoni: zaidi ya nusu walikuwa bado wamepanga foleni, mikono nyuma. Akapiga moyo konde. "Anayefuata," akasema.

Alicheza kamba. Alicheka mahali pa kucheka. Aliuliza kila mmoja anapenda chakula gani, na majibu yakampita masikioni kama maji juu ya mwamba. Muda wa kila mmoja aliupunguza kidogo, lakini kwa wote sawasawa. Alikuwa amebakiza wachache mlango ulipogongwa.

"Chakula kiko mezani, Mama," Mama Apolline alisema. "Batoto hawakimbii. Bugali njo inakimbia, ikipoa."

"Tumalize kwanza."

"Ah! Papa amekwisha kukaa. Atakula peke yake kama mujane?"

Kweli alikuwa amekaa, na chakula cha watu kikikataliwa, nyumba nzima imetukanwa. Aurélie akaingia. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vilivyokaangwa, na kipaja kimoja cha kuku ambacho Mungu peke yake alijua kimetoka jiko la nani. Mama Apolline akatoka kutafuta pilipili. Wote wawili, Aurélie na mkuu wake, walikuwa watu wa upande wa Bukavu. Akainama akamweleza kwa Mashi, lugha ya kwao, haraka haraka: jicho, jirani, lazima gari liwe tayari mara tu atakapomaliza na watoto waliobaki.

Mzee akaweka mikono juu ya meza. "Nani amesema?"

"Mmoja wao."

"Mmoja ana jina. Mwenye kutia sahihi ni mimi. Nani?"

Aurélie alikuwa amezaliwa na kukuzwa mahali ambapo mkubwa wako akikuuliza mara ya pili, kunyamaza ni kumtemea mate. Akamtajia.

Mama Apolline akarudi na pilipili. Nyuma yake wasichana wawili walibeba beseni na birika la kunawia, na nyuma yao, mlangoni, wengine walisimama kuangalia wageni wakila, kama watoto wote wa dunia. Papa Anastase alinawa, akamega tonge moja, akalitafuna taratibu, akalimeza. Kisha akazungumza kwa sauti ile wazee wanayoitumia wakipeleka posa.

"Mama Apolline. Nimekula bugali yako. Katika nyumba hii kuna mutoto anaitwa Mwavita. Mutoto wa akili, mutoto wa huruma. Anamulilia rafiki yake mwenye jicho, yule wa kwa jirani. Mutoto huyo ninamuweka katika mikono yako, hapa, mbele ya chakula hiki."

Birika likagonga beseni. Aurélie aliona vichwa pale mlangoni vikigeuka, vyote pamoja, kutafuta kitu uani.

Alitamani kupiga meza kwa ngumi. Lakini alijua pia mzee alichokuwa akifanya, na ndiyo maana hasira yake ilikosa mahali pa kushika. Kwa wazee wao, mtoto anayetajwa jina na mgeni juu ya chakula amekuwa wa mgeni huyo. Atakayemgusa, amemgusa mgeni. Atakayemtesa, amekitapika chakula walichokula pamoja. Papa Anastase alikuwa ameona yatima na wake waliokimbia wakiokolewa kwa njia hiyo, bila hakimu wala polisi. Hakuwa akimsaliti mtoto. Alikuwa akimjengea ua.

Mama Apolline alikaa, mzito, kiti kikalalamika.

"Nimesikia, Papa," alisema. "Sitamugusa. Bikira Maria ananiona."

Akainuka mwenyewe akawatangulia kwa jirani.

Élodie alilazwa juu ya mkeka, kitambaa usoni, nzi juu ya kitambaa. Harufu ilitangulia kuwapokea. Aurélie alimwinua, na kilichomtisha zaidi ni wepesi wake. Alikuwa kama nguo zilizoanuliwa. Kwa jicho lililobaki msichana alitazama dari, halafu anga, bila kutofautisha.

Kwenye lango Mama Apolline alishika mlango wa gari.

"Munaniona niko shetani. Sawa. Lori ya mabwe inachukua kokoto, inatuachia unga ya bugali. Bila mabwe hakuna unga. Niliwaomba ninyi, niliomba parokia, niliomba kila mutu mwenye karamu ya kuandika. Unikataze, Mama Aurélie. Unikataze! Lakini kiisha kunikataza, uniambie kesho banakula nini."

"Hakuna mtoto atakayepasua jiwe tena," Aurélie alisema. "Ofisi italeta unga."

Alipokuwa akisema aliamini.

Mwavita alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, peke yake. Wenzake walikuwa upande mwingine, wamesongamana. Aurélie alitaka kumpandisha garini papo hapo.

"Kwa karatasi gani?" Papa Anastase alimnong'oneza. "Mugonjwa unamubeba. Muzima unamuombea karatasi ya hakimu. Tukimubeba bila karatasi, kesho njo sisi tutaitwa wezi wa batoto. Na umesikia mama alivyoapa. Yule hataguswa."

Na Élodie alikuwa akitetemeka mapajani mwake. Wakaondoka kuelekea hospitali. Watoto wa mwisho katika foleni hawakuitwa.

Karatasi ya hakimu ilipotoka, wiki ilikuwa imegeuka. Unga haukutoka kabisa. Ombi la Aurélie lilipelekwa meza moja, likapelekwa meza nyingine, mwishowe likakaa chini ya glasi ya chai ya mtu aliyemwambia arudi Jumatatu. Alinunua mfuko mmoja kwa mshahara wake, akaupeleka kwa bodaboda, na alijua, alipokuwa akiufunga kwa kamba, kwamba kwa vinywa vile ni kama kutemea mate shamba ili liote.

Walifika yeye na Papa Anastase bila kupiga simu. Safari hii mzee hakulalamika.

Hakukuwa na vumbi la kijivu kwenye sikio la mtoto yeyote. Mama Apolline alikuwa ameshika neno lake. Sufuria ilikuwa mekoni, na ndani yake majani ya viazi vitamu yalielea kwenye maji ya chumvi. Watoto walikaa ukutani. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyekimbia, hata wale wadogo wa kuanguka.

"Mwavita yuko wapi?"

Mama Apolline alielekeza kwa kidevu.

Alikuwa nyuma ya jiko, amejikunja kati ya ukuta na rundo la makaa. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na kushika kigaga. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivimba vikawa rangi ya zambarau, vimepinda mahali ambapo kidole hakipindi. Alimtazama Aurélie bila mshangao.

Aurélie akamgeukia Mama Apolline, na sauti ilimtoka kama si yake. "Uliapa!"

"Na sikumugusa!" Mwanamke yule alijipiga kifua. "Naapa mbele ya Bikira, hata kumukaripia sikumukaripia. Ni wenzake. Walimupigia vidole na jibwe. Mukeka wake waliutupa mu choo. Nikiwa hapa wananyamaza, nikienda kuomba unga, nikirudi ninamukuta hivi. Bananiambia, yeye njo amekula unga yetu."

Papa Anastase alivua kofia. Akaenda hadi pale ukutani, akasimama mbele ya watoto, mrefu, mwenye nywele nyeupe.

"Nani alifanya ile?"

Watoto walitazama miguu yao.

"Niliwaachia mutoto katika mikono ya mama yenu. Mbele ya chakula! Hamukusikia?"

Kitoto kile kisicho na meno ya mbele kiliinua uso.

"Papa, yule Élodie iko anakula kule lopitali?"

Mzee akasita. "Anakula."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hakikuuliza tena. Kilitazama watoto wenzake, nao wakatazama sufuria, na Papa Anastase akabaki amesimama na kofia mkononi.

Aurélie alimfunga Mwavita vidole kwa vijiti na kitambaa alichochana kwenye kitenge chake. Mtoto hakulia. Wakiwa wanatoka, mzee alisema kwa Mashi, polepole, "Apolline alishika neno lake."

"Alishika. Ulijenga ua upande mmoja tu, Papa. Upande wa wakubwa."

"Kwetu watoto hawakuwa na njaa ya namna hii."

"Na mimi ndiye niliyekupa jina," Aurélie alisema, akafungua mlango wa gari.

Njia yote ya kwenda Himbi, kwa familia iliyokubali kumpokea, Mwavita alikaa wima kama anayeogopa kuchafua kiti. Mkono wake uliofungwa aliulaza juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Walipita soko, walipita lango refu la shirika moja lenye kutu kwenye kufuli. Ziwa likatokea kati ya nyumba.

"Élodie ananijua sasa?" aliuliza.

"Anakujua. Jana aliuliza habari zako."

"Jicho?"

"Walilitoa."

Akafikiri. "Walikuwa wenzangu," alisema. "Tulilala mukeka mumoja tangu kambi. Yule aliyeshika jibwe, mimi njo nilimubeba mugongoni tukikimbia."

Papa Anastase, mbele karibu na dereva, hakugeuza kichwa, lakini mabega yake yalishuka.

"Kule tunaenda kuna batoto wengine?"

"Watatu."

"Mutakuja kuwauliza na wao?"

"Tutakuja. Ni kazi yetu."

"Mukikuja, mimi musiniite."

Gari lilisimama. Lango lilikuwa la bluu, na miti ya maua ilining'inia juu ya ukuta. Mama wa nyumba alitoka mwenyewe, mwanamke mchangamfu wa makamo, mwalimu, kitenge kimefungwa upya kwa ajili ya mgeni. Aliinama hadi uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Yoo, na vidole hivi? Ni nani aliyekufanya hivi?"

Aurélie alifungua kinywa.

"Nilianguka," Mwavita akawahi, akatoa mkono wa pili kusalimia.